Posa Niliyoipeleka kwa Mtani

Mtu aliyezoea kuhamahama hujifunza kutoililia miji anayoiacha. Nimeishi Kigoma, Mpanda, Singida na Dodoma, na mahali pengine ambapo leo hata jina la mtaa niliolala silikumbuki, na kote huko nilifunga godoro langu kwa kamba nikaondoka bila kugeuka. Tabora ndiyo iliyonishinda. Nikipita mahali mtu anakaanga vitunguu na bizari, hata iwe uchochoroni katika mji nisioujua, husimama. Hukumbuka jioni moja ya mwisho wa mwezi, meza ya watu wanne katika hoteli ya Mhindi, na mwanamke ambaye hakuwepo mezani lakini maisha yake ndiyo yaliyokuwa yakiamuliwa pale, pamoja na yangu.

Jioni ile niliposa, na posa yangu ikachekwa. Nimeona niiandike, maana kila nikiwasimulia watu kwa mdomo nao hucheka, na mimi hujikuta nacheka nao.

Nilifika Tabora miaka michache baada ya Uhuru, nikiwa nimemaliza kidato cha nne na kuajiriwa na reli kuwa karani wa vifurushi. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe. Siku ya kwanza pale stesheni, mchukuzi mmoja mtu mzima aliniuliza kabila langu, nikamtajia. Akanivua kofia, akaivaa yeye, akaenda zake na toroli lake. Nilipomfuata kuidai aliniambia, "Nenda kashtaki kwa babu yako, aliyekuwa analala chini ya mnazi akingoja nazi imdondokee mdomoni." Wachukuzi wote wakaangua kicheko. Ndipo nikajua kwamba nimefika kwa watani.

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakishusha pembe za ndovu pwani wakipitia kwetu, wakigombana na babu zetu, wakipatana, wakizikana. Nyumbani nilikuwa nimeuona utani huo misibani tu. Tabora niliishi ndani yake. Mtani anaweza kukuita mtumwa wake mbele ya mkweo. Anaweza kukamata kuku wako akamchinja. Anaweza kujilaza kaburini siku ya msiba wako akasema haondoki mpaka apewe chochote. Nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa. Kwa kijana aliye mbali na kwao, sijui ukarimu unaoushinda huo.

Rafiki yangu mkubwa nilimpata kwa njia hiyo hiyo. Alikuwa fundi cherehani, Mnyamwezi wa mtaa wa Ng'ambo, wa familia ya Kiislamu iliyokaa mjini vizazi vingi. Nilimpelekea suruali anipunguzie, akanirudishia mguu mmoja ukiishia kwenye kifundo na mwingine chini kidogo ya goti.

"Nimekurahisishia," alisema, uso mkavu. "Huu wa ofisini, na huu wa kukwelea minazi."

Nikaichukua nikaondoka. Baada ya muda robota lake la khaki likafika kwa treni kutoka Dar es Salaam, nikawaomba wachukuzi wote asipatikane wa kumsaidia. Akalibeba mwenyewe kichwani kutoka stesheni mpaka sokoni, jasho likimtiririka, nami nyuma yake nikipiga debe na kupaza sauti: "Pisheni msafara! Pisheni mpagazi wa babu yangu!" Watu walitoka madukani kutazama. Alipolitua robota mlangoni kwake alinikumbatia na jasho lake lote. Tangu siku ile tukawa hatuachani.

Kila mwisho wa mwezi tulikwenda wanne kula kwa Mhindi. Wa tatu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mnyamwezi wa Lusu huko Nzega, mwembamba, mpenda kueleza mambo hata yanayojulikana. Wa nne alikuwa dresa wa hospitali, Mgogo, mtu wa mwili, ambaye akila haongei mpaka sahani iwe nyeupe. Wagogo nao ni watani wa huku na huku, maana msafara ulipita kwao pia. Kwa hiyo mezani pale hapakuwa na hata mtu mmoja asiye na mtani. Jambo hilo wakati ule niliona ni raha tupu.

Siku nyingine za mwezi tulikula ugali na maharage, au tukashushia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa chai ya rangi. Siku hiyo moja tulikoga mapema, tukavaa mashati yaliyopigwa pasi, tukakaa kwenye viti kama mabwana. Hoteli yenyewe ilikuwa chumba kirefu karibu na soko, feni moja inayolia, meza zenye vitambaa vya mpira vya maua, picha ya Rais ukutani, na pembeni yake picha za wazazi wa mwenye hoteli, marehemu, zimevishwa mashada ya maua ya karatasi. Mwenye hoteli alizaliwa Tabora, na baba yake alizaliwa Tabora. Alitupokea kwa "mwadila", salamu ya Kinyamwezi, kisha akaendelea kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha Mgogo wetu. Mke wake tulimfahamu kwa mikono tu, ikitokeza kwenye kidirisha cha jikoni ikisukuma sahani. Mchuzi wa maana ulikuwa mmoja, wa mbuzi, umeiva mpaka ukawa mweusi, mafuta yakielea juu, na ndani yake vijiti vya mdalasini na iliki nzima ambazo dresa alizitafuna kama karanga. Chapati zililetwa mojamoja zikiwa bado zinafuka. Na palikuwa na achari ya maembe mabichi ambayo sijamwona aliyeila bila kutokwa machozi.

Fundi alikuwa na dada, mdogo wake wa tumbo moja. Baba yao alikwisha kufariki, kwa hiyo fundi ndiye aliyekuwa walii wake wa kumwozesha. Asubuhi binti huyo alimsaidia mama yake kuchoma vitumbua; jioni alifundisha kisomo cha watu wazima katika darasa la shule ya jirani, wanawake wenye umri wa mama yake wakichora herufi kwa vidole vilivyozoea mpini wa jembe. Mimi nilikuwa mtu wa nyumba ile. Nilikula pale, nilifuliwa pale, na yeye alinitukana kama kaka yake alivyonitukana. Akinipa maji alisema, "Kunywa polepole, haya si madafu."

Kisha ikafika siku akaacha. Alinipa maji, akasimama akanitazama ninavyokunywa, asiseme kitu. Baada ya hapo tukaanza kuzungumza kweli, mlangoni pa darasa lake, kabla wanafunzi wake hawajaingia. Nilipomwambia ninachokitaka alifuta chaki mikononi kwanza, polepole, halafu akasema, "Mimi sina neno. Lakini siwezi kujioza. Mwendee kaka yangu, na umwendee kama mtu mzima."

"Kaka yako na mimi ni kitu kimoja," nilimwambia.

"Ndiyo maana nakwambia," akajibu.

Mambo mawili yakaja kwa pamoja. Mtu mmoja wa Urambo, mkulima wa tumbaku mwenye lori lake, alikuwa amemwona binti huyo sokoni, akaleta posa. Fundi alinisimulia mwenyewe huku akikata kitambaa, mimi nimemshikia ncha.

"Ana heshima zake," alisema. "Ameleta wazee wawili, wamevaa kanzu, wamekaa, wamesema. Mama amewapenda. Tumewaahidi jibu Ijumaa ijayo. Ila huyu dada yangu kila akiulizwa anasema 'ngojeni'. Sijui anangoja nini."

Mimi nilijua anangoja nini. Nilibana ile ncha ya kitambaa mpaka akaniambia niilegeze.

Jambo la pili lilikuwa uhamisho. Ofisi ilinitaka Mpanda, niondoke kwa treni ya Jumapili. Jumamosi yake ndiyo ilikuwa siku yetu ya kula kwa Mhindi, na wenzangu wakasema basi itakuwa ya kuniaga.

Leo nikimsikia kijana akisema anataka kuoa, swali langu la kwanza ni kama ana mshenga. Wakati ule nilijiambia kwamba mshenga ni wa watu wasiojuana. Wazee wangu walikuwa Kisarawe, mbali kwa treni. Vijana wa kwetu waliokuwa Tabora walikuwa wapenda ngoma kama mimi, nisingeweza kuwavisha kanzu wakaaminika. Na kati yangu na fundi, mtu niliyelala kitanda kimoja naye alipougua homa, ya nini kuweka mtu wa katikati? Nikaamua nitasema mwenyewe, mezani, mbele ya marafiki zetu wawili wawe mashahidi. Niliona ni heshima.

Tulikaa baada ya Magharibi. Sahani zilipofika, kabla mtu hajamega chapati, nikasema nina neno.

"Nyamazeni, Mzaramo anataka kuaga," mwalimu akasema. "Akilia msimbembeleze, itamrefushia."

"Siagi," nilisema. "Nataka kuoa."

Fundi alikwisha kumega. "Maskini ya Mungu," akasema. "Binti wa nani huyo?"

"Dada yako."

Pakawa kimya. Kilikuwa kimya kidogo mno, cha mtu kumeza tonge, lakini nimekirudia kichwani mara nyingi mpaka kimekuwa kirefu. Kama ningekuwa na sentensi ya kuitia mle ndani, ingesikika. Sikuwa nayo. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali na kwa hasira, hata kwa furaha. Fundi akaweka chapati chini, akasimama, akaitangazia hoteli nzima:

"Jamani, mmemsikia mtumwa wangu? Nimemlisha! Nimemvisha! Leo anataka na dada!"

Meza zote zikalipuka. Dresa, ambaye hajapata kusema na chakula kiko mbele yake, akainua kidole chenye mchuzi. "Mpe, mpe! Sisi Wagogo tutamchangia mahari. Mbuzi mmoja, mwenye macho yote mawili."

"Taratibu," mwalimu akasema. "Kwanza usaili. Bwana harusi, unaweza kubeba frasila ngapi kichwani? Binti huyu ni mjukuu wa wapagazi, hataki mwanamume wa kubebwa."

"Nasema kweli," nikasema. "Wallahi nasema kweli."

"Anaapa!" Fundi akapiga meza kwa kiganja. "Mzaramo akiapa, kahesabu kuku zako!"

Kila nilipozidi kukaza uso ndivyo walivyozidi kucheka. Na nawaelewa. Mtani hodari ndiye asiyecheka. Msibani, mtani hulia kwa sauti kuliko wafiwa, hugaragara chini, na mgeni asiyejua humshika bega kumpa pole. Mimi mwenyewe nilisifika mjini kwa kutania na uso mkavu. Nilikuwa nimewahi kumwambia mama yao mzazi kwamba nimeandikiwa na serikali kuja kumchukua arudi pwani akachunge minazi, na nikakaa hivyo hivyo bila tabasamu mpaka akakimbilia kwa jirani kuuliza. Kwa hiyo walipouona uso wangu jioni ile, waliona ufundi.

Fundi akavuta sahani yangu, akahamisha nyama zote kwenye yake, kipande kwa kipande, akihesabu kwa Kinyamwezi. "Mahari yameanza kupokelewa," akasema. "Mfupa huu nakuachia, ni wa bwana harusi."

Mwenye hoteli alikuwa amekuja na kibakuli cha achari. Alisimama karibu yangu, akatutazama mmoja mmoja.

"Mbona mnamcheka?" akauliza. "Mtu ameomba dada. Mpeni jibu."

"Mzee, haya hutayaelewa," mwalimu akamwambia kwa upole wa darasani. "Huu unaitwa utani."

"Utani naujua, nauona tangu nikiwa mtoto. Lakini huyu hali. Tangu aanze kusema hajatia kitu mdomoni."

Wote wakageuka kuitazama sahani yangu, ambayo ilikuwa na mfupa peke yake.

"Atakula nini," fundi akasema, "na nyama yote imekwenda mahari?"

Hapo hata watu wa meza ya mlangoni, ambao hatukuwajua, wakalala juu ya meza kwa kicheko. Mwenye hoteli alitabasamu kwa adabu, akaweka kibakuli chake. "Labda," akasema. "Sisi Wahindi hapa mjini hatuna watani." Akarudi kwenye kaunta yake.

Nikachota achari kubwa nikaitia mdomoni ili nipate sababu ya kutosema. Machozi yakanitoka. "Tazameni, analia kama bibi harusi!" dresa akapiga ukelele. Na mimi nikafanya nilichokuwa nimekifanya mara elfu. Nilijibu. Nilisema, "Basi simtaki tena, nimekumbuka ana miguu ya kaka yake." Fundi akanipigia makofi. Akanizungushia mkono shingoni, akacheka mpaka akawa anakohoa, nami nikacheka. Utani ukishapanda hivyo, kutocheka ni kumvunjia mwenzako heshima mbele za watu. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, naye ndivyo alivyolelewa.

Tuliagana barabarani. Dresa na mimi tulikuwa na njia moja. Nilitaka kumwambia yeye, angalau yeye, lakini kila baada ya hatua kadhaa alisimama, akashika tumbo, akarudia, "Miguu ya kaka yake!" Nikamwacha kwake akiwa bado anacheka.

Jumapili asubuhi nilikwenda nyumbani kwao. Nilivaa shati lile lile la hotelini, maana ndilo zuri nililokuwa nalo. Mama yao alikuwa kwenye kikaango cha vitumbua na majirani wanne watano wamemzunguka, na niliposikia walivyonyamaza ghafla nikajua habari imekwisha kufika.

"Mkwe wangu huyo!" mama akasema. "Mbona shikamoo huitoi, au ndiyo maringo ya posa?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mchuzi wa Mhindi umekwisha, sasa umekuja kuposa kwa vitumbua?"

Wanawake wakacheka. Kwa kicheko hicho dada mtu akatoka mlangoni, kanga begani, akasimama kizingitini. Nikamtazama yeye, si mama yake, nikasema maneno niliyokuja nayo, neno kwa neno kama nilivyoyapanga njiani: "Nimekuja kumchukua mke wangu. Treni inaondoka leo."

Jirani mmoja alicheka mpaka ungo ukamtoka mikononi na mchele ukamwagika. Mama alinitishia kwa upawa wa mafuta. Kelele zikawa nyingi. Na katika kelele hizo, kwa kuwa nyuso zote zilizonizunguka zilikuwa zinacheka, nadhani na wangu ulikuwa unacheka. Sikuuona uso wangu. Aliuona yeye. Alinitazama kwa kitambo kirefu kuliko ilivyo desturi, kisha akageuka akaingia ndani.

Nilifikiri amechukizwa na fedheha. Nilifikiri labda, kama wenzake, naye ameamua ulikuwa mchezo tangu mwanzo. Nilikaa pale nikala vitumbua vitatu nilivyolazimishwa na mama, nikingoja atoke tena. Hakutoka.

Jioni wote watatu walinisindikiza stesheni. Fundi alikuwa amenishonea fulana yenye maneno mgongoni kwa uzi mwekundu, MALI YA WANYAMWEZI, akanivalisha kwa nguvu mbele ya wachukuzi. Nilisafiri nayo hadi Kaliua.

Habari za harusi nilizipata kwa gadi wa treni, aliyealikwa. Alisema ilifana, lori la bwana harusi lilipambwa kwa makuti na vitambaa. Mpanda ilinichosha mapema, nikaomba Kigoma. Kigoma nikaomba Singida. Nilioa baadaye, haikudumu, na sina la kumlaumu mwanamke yule. Kila nilipokaa mahali nilianza kusikia mluzi wa treni kama mtu anayeniita. Na treni ya kwenda Mpanda au Kigoma hupita Urambo. Kwa miaka yote niliyokuwa nikisafiri kikazi, tukiikaribia Urambo nilihamia upande wa behewa usiotazama jukwaa. Harufu ya tumbaku iliingia hata hivyo. Abiria wenzangu walidhani nakimbia jua.

Mwaka jana nilishuka Tabora. Sikuwa na kazi ya kufanya pale. Nilikuwa nakwenda Dodoma kutoka Kigoma, treni ikaharibika, wakatuambia tungoje mpaka kesho yake mchana. Nikaona nitafute hoteli. Chumba kile kirefu sasa ni duka la ushirika. Rafu zimesimama wazi, na mwuzaji alikuwa amelala juu ya kaunta pamoja na chupa chache za siki. Feni ipo, haizunguki. Nilimwuliza habari za mwenyewe wa zamani, akasema Wahindi wale walihama siku nyingi, wengine wanasema wako Kanada. Ukuta wa upande wa jikoni ulikuwa bado na rangi ya manjano ya mafuta yaliyoruka miaka ile yote.

Fundi nilimkuta barazani pake, cherehani ile ile, miwani puani. Aliponiona alizima cherehani kwa kiganja, akaniambia hata kabla ya salamu, "Mtoro amerudi! Nilijua njaa itakurudisha kwa bwana wako." Nikamwambia nimekuja kuhakikisha kama amekwisha kufa nirithi miwani. Ilikuwa kama nimeondoka jana. Mwalimu, alisema, alipelekwa kijiji cha ujamaa huko Uyui akapapenda, amelima na kukaa huko. Dresa alirudi kwao. Mama alifariki, na kwenye msiba walinitafuta mtani wao wasinione.

Mchana alinipeleka kula kwa mama mmoja anayepika karibu na soko. Wali na maharage, hapakuwa na kingine mji mzima. Alikuwa na furaha, akaanza kusimulia.

"Unajua ile posa yako ya mchuzi hatujaacha kuisimulia? Harusini niliisimulia mbele ya mashekhe. Yule wa Urambo mwenyewe, shemeji yangu, huwa ananiambia: nisimulie tena ya Mzaramo."

"Na dada yako alisemaje?" nikauliza.

"Lini?"

"Siku ile."

Akafikiri, kijiko mkononi. "Siku ile nilimkuta anamsuka mama. Nikamwambia, mtani wako amekuposa leo, hoteli nzima imesikia. Akaniuliza, mkamjibu nini? Nikamwambia, tulicheka. Akaendelea kusuka. Halafu akauliza, na yeye? Nikamwambia, naye alicheka." Akatia wali mdomoni, akatafuna. "Akasema, haya. Kesho yake, treni yako ilipokwisha kuondoka, akamwendea mama, akamwambia wale wazee wa Urambo wajibiwe, yeye hana neno."

Alipofika hapo akaacha kutafuna. Nadhani alikuwa hajapata kuyapanga maneno hayo kwa mfuatano. Kwa miaka yote alikuwa akisimulia ya hotelini. Ya kusuka hakuna aliyemwuliza.

"Ulikuwa unatania," akasema. Kisha akavua miwani. "Au?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa tayari ulimini, tena zuri, lingemrudishia mchana wake wote na angeenda kulisimulia Urambo. Lakini nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauitoi.

"Sikuwa natania," nikasema.

Hakucheka. Ndiyo mara ya kwanza maneno yangu hayo kusikika, na aliyeyasikia alikuwa mtu mzima mwenzangu na sahani ya maharage.

"Angeniambia," alisema.

"Yeye alisema asingeweza kujioza."

"Basi wewe ungetuma mtu. Mtu yeyote. Mimi ningejuaje?"

"Usingejua."

"Ningekupa," akasema kwa sauti ya chini. "Wallahi ningekupa. Yule wa Urambo nilikuwa simjui, wewe nilikuwa nakujua." Akavaa miwani, akavua tena. "Ana watoto watano. Mumewe ni mtu mwema. Hajawahi kumnyanyasa hata siku moja." Aliyasema kama mtu anayejibu mashtaka, nami nikamwambia kwamba nafurahi kusikia, na ni kweli nilifurahi, ingawa moyo ulikuwa umeshuka mahali pengine.

Hatukumaliza chakula. Alifunga baraza lake mapema, akanisindikiza stesheni. Tulitembea tukiulizana habari za afya na mvua. Alinipisha mbele kwenye njia nyembamba. Aliniuliza kama nimechoka. Alikuwa mwenyeji mzuri kabisa, na kila wema alionifanyia niliona unanisogeza mbali, kama mgeni anayetandikiwa mkeka mpya.

Treni ilipokuwa tayari alinipa mkono, akaushika wangu kwa mikono yake miwili.

"Safari njema, ndugu," akasema.

Ni neno zuri. Tunaitana hivyo mikutanoni, na ofisini, na foleni ya sukari, na watu tusiojuana. Yeye hakuwa amepata kuniita hivyo tangu tujuane. Nikapanda, nikatoa kichwa dirishani, nikangoja. Behewa lilipoanza kujivuta nilikuwa bado nangoja apaze sauti anitukane, mimi, babu yangu, kijiji changu, chochote. Alinyoosha mkono, akanipungia kwa heshima.